Haki ya Kushika Rimoti

Watu huniuliza mara kwa mara, wengine kwa upole na wengine kwa mzaha, mtu asiyeona anataka nini na televisheni. Nataka kile unachokitaka wewe, ndugu msomaji: taarifa ya habari, mjadala wa bajeti, mpira wa Jumamosi, na tamthilia ambayo jirani zangu wataizungumza kesho. Zaidi ya hayo, nataka kuchagua mwenyewe.

Kwa miaka mingi uchaguzi huo haukuwa wangu. Orodha ya chaneli katika king'amuzi changu ilipita kimya kiooni, nami nikalazimika kumwita mtoto anisomee. Mtoto husoma anachokipenda yeye. Anayekusomea orodha ndiye anayekuchagulia.

Mambo yalibadilika nilipopata kifaa kidogo cha intaneti kinachochomekwa kwenye televisheni, chenye programu ya kusoma skrini. Katika Fire TV programu hiyo huitwa VoiceView, na huwashwa kwa kushikilia vitufe 2 vya rimoti kwa pamoja. Apple TV ina VoiceOver. Katika Roku hubonyezwa kitufe cha nyota mara 4 mfululizo. Kila nisogezapo mshale, sauti hunitajia nilipo.

Hayo hayakuletwa na huruma. Mwaka 2010 Marekani ilitunga sheria iliyowabana watengenezaji wa vifaa vya namna hiyo. Mwaka 2015 Netflix ilitoa Daredevil, tamthilia ya shujaa asiyeona, bila maelezo ya sauti kwa watazamaji wasioona. Watazamaji hao walilalamika hadharani, na katika siku chache maelezo yakawekwa.

Sasa nifunguapo programu ya kituo kimoja cha hapa nchini, sauti ileile hurudia neno moja: kitufe, kitufe, kitufe. Sauti haina kosa. Programu ya kusoma skrini husoma majina ambayo mtayarishaji ameyaambatisha kwenye picha na vitufe. Asipoyaandika, haina la kusoma. Kazi hiyo ni ndogo ikifanywa mwanzoni, na ni ghali ikifanywa baadaye. Na kwa kuwa kifaa changu hakina sauti ya Kiswahili, hata majina yaliyoandikwa hutamkwa Kizungu, nami hubaki kukisia vichwa vya habari vya nchi yangu.

Tanzania nayo ilitunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu mwaka huohuo wa 2010, baada ya kuridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa ambao ibara yake ya 30 inataja waziwazi vipindi vya televisheni na filamu. Kwa hiyo hatuombi fadhila. Katika mwezi wa uchaguzi, mwananchi asiyeweza kufungua mdahalo wa wagombea bila kushikwa mkono amepunguziwa uraia wake.

Kwenu watumishi wa umma mnaoandaa zabuni za mifumo: andikeni sharti kwamba mfumo ujaribiwe na mtumiaji asiyeona kabla ya malipo ya mwisho. Kwenu wanafunzi wa kompyuta: zimeni kioo, washeni sauti, kisha jaribuni kuitumia kazi yenu wenyewe. Mkikwama, msiikabidhi bado.