Safari Isiyo na Sababu

Ukimwambia mtu wa Ifakara kwamba unasafiri, hakuulizi kwanza unakwenda wapi. Anakuuliza, "Kuna nini?" Bonde letu la Kilombero linazijua safari, na kila safari ina sababu yake. Kuna msiba Mlimba. Kuna mgonjwa wa kupelekwa Morogoro. Kuna shamba la mpunga limeiva, au kijana amepangiwa shule Songea. Mtu anayepanda gari bila mojawapo ya hayo ama anahama, ama anakimbia deni.

Basi mimi na mume wangu tulipoanza kusema kwamba mwezi wa sita, shule zikifungwa, tunakwenda Zambia kutembea tu, na kwamba binti yetu wa mwaka mmoja na miezi minane tunakwenda naye, watu walituangalia kwa huruma kidogo. Kutembea? Na mtoto wa kubebwa? Mwalimu mwenzangu aliweka kalamu chini akanishauri kwa upole: "Subirini akue, mwalimu. Sasa hivi hatakumbuka chochote." Jirani yetu akasema mtoto mwenyewe hata Dar hajafika. Mama mkwe wangu, anayekaa ng'ambo ya mto upande wa Ulanga, hakusema neno. Nimekaa katika ukoo huu muda wa kutosha kujua kwamba mama akinyamaza, mjadala ndiyo kwanza umeanza.

Mpango wetu si wa kitajiri. Reli ya TAZARA inapita hapa hapa. Ilijengwa kati ya 1970 na 1975 kwa mkopo wa China usio na riba, na inakwenda kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Tumekua tukisikia honi yake usiku. Magunia yetu ya mchele yameipanda, wajomba zetu wameipanda kwenda Makambako na Mbeya, lakini nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kuvuka nayo mpaka. Kutoka Kapiri Mposhi tutachukua basi hadi Lusaka, kama kilomita 200. Tutapumzika siku mbili, kisha basi jingine, karibu kilomita 470, hadi Livingstone kwenye maporomoko ya Mosi-oa-Tunya, yale tuliyofundishwa shuleni kuyaita Victoria. Mtanzania haombi viza kuingia Zambia. Tulichohitaji ni akiba ya mpunga wa misimu miwili, pasipoti tatu, na roho ngumu.

Pasipoti ndizo zilizotutoa jasho kwanza. Mume wangu ni Mpogoro, na jina la ukoo wake lina herufi moja yenye maisha mawili. Babu yake alilitamka kwa ulimi wa kwao, ambao hauoni ugomvi wowote kati ya L na R. Hata kabila lenyewe, kuna vitabu vinavyoandika Wapogoro na vingine Wapogolo, na hakuna Mpogoro aliyepoteza usingizi kwa hilo. Karani aliyemwandikisha mume wangu kitambulisho cha taifa alisikia R. Aliyeandika cheti cha kuzaliwa cha binti yetu alisikia L. Kwenye ofisi moja, ambayo sitaitaja, afisa aliziweka karatasi mbili sambamba, akazitazama, akatutazama, akauliza bila ubaya wowote, "Sasa huyu baba ni wa nani?"

Mtoto mwenyewe wakati huo alikuwa amelala begani kwa baba yake, mdomo wazi, ute ukimtiririkia kwenye kola ya shati. Na masikio ni yale yale, kana kwamba yamefyatuliwa kwenye kalibu moja. Lakini masikio si ushahidi. Tulirudi nyumbani, tukaenda kwa wakili, tukaapa kwamba majina mawili ni ya mtu mmoja, tukapata barua ya mtendaji, tukaanza upya. Mara tatu tulikwenda Morogoro mjini.

Nilikasirika, sikatai. Ila kwenye basi la kurudi, tukishuka kutoka Mikumi kuelekea Kidatu, nilianza kuwaza. Hapa mtaani binti yangu hana haja ya karatasi. Nikipita naye sokoni wanamwita watu watano kabla sijafika kwa muuza dagaa. Anajulikana ni wa nani, amefanana na nani, na jana kala nini. Mpaka hauna majirani. Mpakani, kila kitu ambacho mtaa mzima unakijua kuhusu mtoto lazima kiwe kimeandikwa, kikapigwa muhuri, kikakubaliana herufi kwa herufi.

Baada ya pasipoti tukaja kwenye sindano. Chanjo ya homa ya manjano hutolewa kwa mtoto kuanzia miezi 9, na tangu 2016 cheti chake, ile kadi ya njano, hakina mwisho. Ukichanjwa mara moja inatosha maisha yote. Mtoto alilia dakika moja, mimi nikaangalia ukutani. Hilo likaisha.

Kisha nikaanza kusoma miongozo ya kusafiri na watoto wadogo, na hapo ndipo nilipocheka mwenyewe kama mwehu. Miongozo karibu yote imeandikwa kwa watu wanaokuja huku. Epuka, inasema, kumpeleka mtoto wa chini ya miaka mitano sehemu zenye malaria. Ikiwa ni lazima uende, mlaze ndani ya chandarua chenye dawa, mvishe mikono mirefu jioni, na homa yoyote ichukuliwe kuwa malaria hadi vipimo vikatae. Nikasoma mara mbili. Sehemu zenye malaria ni sisi. Hatari ambayo mama wa Ulaya anaonywa asimpeleke mwanawe ndiko binti yangu alikozaliwa, na ndiko alikoota meno.

Kwetu habari hizi si za vitabuni. Ifakara imekuwa na maabara ya utafiti tangu 1957, ilipoanzishwa na Waswisi, na leo ni Taasisi ya Afya Ifakara. Mwishoni mwa miaka ya 1990, katika wilaya zetu mbili, Kilombero na Ulanga, uliendeshwa mradi wa kuuza vyandarua vilivyotiwa dawa kwa bei ambayo mkulima angeweza kuimudu, na watafiti wakafuatilia watoto wapi walilala ndani yake na wapi hawakulala. Matokeo yalitangazwa mwaka 2001: kwa watoto wa kati ya mwezi 1 na miaka 4, chandarua chenye dawa kiliongeza uwezekano wa kubaki hai kwa asilimia 27. Nambari hiyo ilisaidia kuifanya nchi nzima igawe hati punguzo za vyandarua kwa wajawazito kuanzia 2004.

Nilimsomea mume wangu nambari hiyo usiku ule. Hakujibu haraka. Mama yake amezaa watoto saba na amekuza wanne. Watatu walikwenda kabla ya mradi huo, wote chini ya miaka mitano, wote kwa homa, wawili kwa degedege.

Wiki iliyofuata tulivuka kwenda kumwona. Siku hizi kuvuka ni dakika. Daraja la mto Kilombero lilifunguliwa mwaka 2018, lina mita 384, na pikipiki inapita bila kupunguza mwendo. Zamani ilikuwa pantoni au mtumbwi, na maji yakifurika kwenye masika, ilikuwa kusubiri. Nilikuwa nimebeba orodha yangu ya maandalizi kwenye daftari, nikadhani nitamtuliza nayo. Nikamsomea: unga wa lishe kilo mbili, chupa mbili za chai, paracetamol ya maji, ORS, kipima joto, pampasi za njiani, kanga tatu, sweta mbili za mitumba kwa kuwa mwezi wa sita Zambia ni baridi.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mimi nimesafiri na mtoto mara nyingi, mwanangu. Kutoka hapa hadi hospitali ya Ifakara. Nilikuwa nabeba kanga moja."

Hakuongeza. Mume wangu akatoka nje kwenda kuangalia pikipiki, ambayo haikuwa na tatizo lolote.

Hapo nilielewa ukimya wake ulitoka wapi. Mimi nilikuwa nimedhani anaogopa Zambia, au treni, au anaona tunatapanya fedha. Kumbe kwa mama huyu, safari na mtoto mdogo ni kitu kimoja tu: ni kukaa kando ya mto usiku, mtoto anawaka moto kifuani, ukipiga kelele ili mwenye mtumbwi ng'ambo akusikie. Hiyo ndiyo safari yenye sababu. Amezijua za namna hiyo kiasi kwamba mtu anayembeba mtoto mzima, anayecheka, akamvusha mto mmoja baada ya mwingine bila kulazimishwa na chochote, anamwona kama anayechokoza jambo lililolala.

Ila bibi huyu ana ulimi pia. Tulipokuwa tunakula, akauliza huko mnakokwenda kuna nini cha kutazama. Maporomoko ya maji, nikasema. Akaacha kumega ugali. "Si yapo Sanje?"

Na kweli yapo. Maporomoko ya Sanje yako kwenye milima ya Udzungwa, yanaonekana ukiwa barabarani kama mstari mweupe, na yanaanguka mita 170. Mosi-oa-Tunya yanaanguka mita 108. Nilitaka kumweleza kwamba yale ya Zambia yana upana wa mita 1,708 na moshi wake unaonekana kutoka mbali, lakini mume wangu tayari alikuwa anacheka, na mimi nikakubali kushindwa kwa tofauti ya mita 62.

Kwa kuwa nafundisha Kiswahili, nilikwenda kutafuta wenzangu kwenye vitabu. Fasihi yetu ya safari si changa. Mwaka 1901 Carl Velten alitoa kitabu kiitwacho Safari za Wasuaheli, ambamo Waswahili wenyewe wanasimulia walikokwenda. Salim bin Abakari anasimulia safari yake ya Urusi na Siberia. Mwaka 1932 Martin Kayamba alichapisha Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza, baada ya kwenda London kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la huko. Nawaheshimu sana. Lakini walikuwa watu wazima waliokwenda kwa shughuli, na anayewasoma hatajua uji wa mtoto unapashwaje moto kwenye treni. Wanawake wa Kiswahili wamesafiri na watoto mgongoni tangu enzi na enzi; waliokaa kuandika walikuwa wengine.

Kwa hiyo naandika mimi, japo kidogo. Vitanda vya TAZARA hupangwa wanaume vyumba vyao na wanawake vyao. Familia ikitaka kukaa pamoja inanunua chumba kizima, na cha daraja la kwanza kina vitanda vinne. Tumenunua chumba. Kitanda cha nne ambacho hakina mtu ndicho kitakachobeba chandarua, maana nitakifunga juu yake kishuke hadi chini, nimejaribu hapa nyumbani kwenye kitanda cha dabali cha wapangaji. Uji nitaupika mzito, nitauongezea maji ya moto ya chupa kila akiamka. Sweta moja naweka juu kabisa ya begi, kwa sababu baridi haitungoji Zambia; itatukuta Makambako.

Na lile la mwalimu mwenzangu, kwamba hatakumbuka chochote? Ni kweli. Akiwa na miaka kumi tutamwonyesha picha, atasema "huyu nani?" Nimeliwaza sana, kwa sababu lina mantiki. Lakini kama mtoto apewe tu kile atakachokikumbuka, basi hata nyimbo ninazomwimbia jioni ni hasara, na maziwa pia. Jambo la pili ni gumu zaidi kulisema mbele ya mama. Kizazi chake kilikuwa na kazi moja kwa mtoto wa umri huu: afike miaka mitano. Kazi hiyo ilimaliza nguvu zote, ilimaliza fedha, ilimaliza usiku. Hapakubaki kitu cha kumpa mtoto kwa kuwa tu kinapendeza. Kwetu kimebaki kidogo. Si kwamba sisi ni wazazi bora kuliko yeye; ni chandarua, ni daraja, ni dawa ya mseto kwenye zahanati. Kilichobaki hicho nataka kukitumia angalau mara moja, bila sababu, mtoto akiwa mzima.

Sikumwambia mama hivyo. Nilimwambia tarehe ya kwenda na tarehe ya kurudi. Alizirudia kwa sauti, akazihesabu kwa vidole, siku kumi na sita. Kisha akaingia ndani akatoka na chandarua kilichokunjwa, kipya, kile alichogawiwa mwaka jana na hakukifungua. Nikamwambia, mama, tunacho. Akasema beba hiki, hicho chenu kina matundu, nimeona. Na mkishuka kwenye treni msipitie kwenu, msimwogeshe, mje naye hapa hapa moja kwa moja.

Kimo kwenye begi, chini ya unga. Pasipoti zimetoka zote tatu. Ya mtoto ina L, ya baba yake ina R, na hati ya kiapo imebanwa katikati kwa pini. Treni hupita Ifakara usiku, hivyo binti yangu atapanda amelala.