Barua kwa Mpwa Juu ya Paka Mwenye Ugonjwa Sugu wa Figo

Kwa mpwa mpendwa,

Barua hii yahusu paka wa nyumbani ambaye daktari wa mifugo amethibitisha kwamba figo zake zimedhoofika, na imeandikwa ili mpwa, aliyeachiwa jukumu la kumtunza, auelewe ugonjwa wenyewe kabla hajaanza kuhangaika na dawa za kila aina. Ugonjwa sugu ni ule unaokaa mwilini miezi na miaka, ambao matibabu huupunguza kasi lakini hayaung'oi. Na katika magonjwa ya namna hiyo yanayowapata paka waliozeeka, ugonjwa wa figo ni miongoni mwa yanayoonekana mara nyingi zaidi. Kwa kuwa haung'oki, jambo la kumwuliza daktari ni lipi litamwezesha paka kula, kulala, kujilamba na kuota jua barazani bila taabu katika muda aliobakiwa nao, muda ambao kwa paka aliyegunduliwa mapema na kutunzwa vizuri huweza kuwa miaka kadhaa.

Figo zimejengwa kwa vichujio vidogo mno vya damu visivyoonekana kwa macho, na kichujio kikifa hakioti kingine mahali pake. Vilivyosalia hubeba kazi ya vilivyokufa, ndiyo maana ugonjwa huu hujificha muda mrefu, na dalili zake huanza kudhihirika pale ambapo takriban theluthi mbili ya uwezo wa figo imekwisha potea. Dalili ya mwanzo huwa ni maji. Paka wa nyumbani asili yake ni paka mwitu wa Afrika na Mashariki ya Karibu, mnyama wa nchi kame, ambaye figo zake zina uwezo mkubwa wa kuukoleza mkojo, yaani kuyarudisha maji mwilini na kuzitoa taka katika mkojo mchache ulio mzito. Uwezo huo ukipotea, mkojo huwa mwingi na mwepesi, na paka ambaye zamani hakuonekana akinywa huanza kuinamia ndoo na karai. Wapo watu wa nyumbani wanaoliona jambo hilo wakafurahi kwamba paka anakunywa vizuri, kumbe anajaribu kufidia maji yanayomtoka. Baadaye hufuata kukonda, manyoya kusimama, kutapika, na harufu mbaya ya kinywa.

Ukubwa wa tatizo hupimwa kwa kreatinini, ambayo ni taka itokanayo na kazi ya misuli na ambayo figo nzima huitoa katika damu. Madaktari wengi hufuata mwongozo wa jumuiya ya kimataifa ya wataalamu wa figo za wanyama, ijulikanayo kwa kifupi IRIS, unaoigawa hali ya paka katika hatua 4: kreatinini ikiwa chini ya mikromoli 140 kwa lita ni hatua ya 1, kutoka 140 hadi 250 ni ya 2, kutoka 251 hadi 440 ni ya 3, na zaidi ya hapo ni ya 4. Hata hivyo namba hiyo peke yake huweza kudanganya, kwa kuwa paka aliyekonda sana ana misuli michache na hutoa kreatinini kidogo, hivyo akaonekana mzima kuliko alivyo. Kwa sababu hiyo inafaa mpwa ampime paka uzito kila wiki kwa mizani ileile na kuandika daftarini. Paka wa kilo 4 akipungua gramu 200 amepoteza sehemu 5 kwa 100 ya mwili wake, na mkono unaompapasa kila siku hauwezi kulihisi badiliko hilo.

Chakula ndicho kinachohitaji maelezo marefu, kwa sababu ndipo mazoea ya majumbani mwa pwani yanapogongana na ugonjwa. Figo zilizochoka hushindwa kuitoa fosforasi, madini yaliyomo kwa wingi katika mifupa, na fosforasi ikirundikana katika damu huharakisha kuharibika kwa figo zenyewe. Dagaa, ambao ndio posho ya paka katika nyumba nyingi, huliwa wazima pamoja na mifupa yao, na wale wa baharini mara nyingi huchemshwa kwa maji ya chumvi kabla ya kuanikwa. Kwa paka huyu, basi, dagaa hawafai, hata kama ndio anaowalilia. Kosa la upande wa pili ni kumnyima nyama kabisa na kumlisha ugali au wali kwa kudhani kwamba protini ndiyo adui. Paka ni mla nyama kwa maumbile, na anahitaji taurini, kirutubisho kipatikanacho katika nyama na samaki, ambacho akikikosa kwa muda mrefu moyo na macho yake huharibika. Vyakula vilivyotengenezwa mahususi kwa paka wa figo ndivyo bora, lakini ni ghali na hupatikana zaidi katika miji mikubwa. Visipopatikana, nyama laini isiyo na mfupa, ikichanganywa na ute mweupe wa yai uliochemshwa, ambao una protini nzuri na fosforasi kidogo sana, huweza kusaidia, madhali daktari ameikubali na kueleza kama inahitajika dawa ya kuinasa fosforasi tumboni.

Chakula kipya hakiingizwi kwa siku moja. Huchanganywa kidogo kidogo na cha zamani kwa wiki kadhaa, na hakianzishwi wakati paka ana kichefuchefu, kwa kuwa atakihusisha na ugonjwa na kukikataa daima. Hapa inampasa mpwa ashike kanuni moja kuliko zote, kwamba chakula kisicho kamili kinachoingia tumboni ni bora kuliko chakula kamili kinachobaki sahanini. Paka asiyekula siku 2 hujiweka katika hatari nyingine, kwani mafuta ya mwili hukimbilia kwenye ini na kulilemea. Asisubiriwe, apelekwe kwa daktari, ambaye anazo dawa za kichefuchefu na za kuamsha hamu.

Maji yawekwe mahali zaidi ya pamoja, mbali na choo chake, na chakula kiwe na majimaji. Supu ya kuku humvutia, ila isiwe na chumvi wala kitunguu, maana vitunguu vya aina zote, pamoja na kitunguu saumu, huharibu chembechembe nyekundu za damu ya paka. Ugonjwa ukiendelea, daktari huweza kumfundisha mlezi kumtia maji ya dripu chini ya ngozi ya mgongoni nyumbani kwake. Kazi hiyo hutisha mara za mwanzo, lakini paka wengi huivumilia wakizoeshwa kwa utulivu.

Dawa za maumivu za binadamu zisimkaribie. Ini la paka haliwezi kuivunja parasetamoli, na kidonge kimoja chatosha kumuua.

Katika nyumba za Waislamu wa pwani, wajibu huu haukuanza leo. Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim kuhusu mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia, asimlishe wala asimwache ajitafutie, inajulikana na watoto wa madrasa, na maana yake yamgusa zaidi paka mgonjwa, asiyeweza tena kujitafutia. Huruma hiyo ina upande wake mgumu. Itakapofika siku ambayo paka hali hata baada ya dawa, hajilambi, na anajificha gizani mchana kutwa, mlezi asimwongezee sindano kwa ajili ya kuutuliza moyo wake mwenyewe. Akae na daktari na wazee wa nyumba, waamue kwa kuyatazama mateso ya mnyama.

Siku hiyo bado haijafika kwa paka huyu, na lipo jambo la karibu lisilopaswa kungoja. Presha ya damu hupanda kwa paka wengi wenye ugonjwa wa figo, na ikifika 160 na kuendelea huweza kuutenganisha utando wa nyuma ya jicho na kumpofusha ghafla, ilhali amlodipini, dawa ileile ya presha ya binadamu, huishusha ikitolewa kwa kipimo cha paka. Mpwa anaombwa ampeleke paka akapimwe presha na mkojo kabla mwezi huu haujaisha, na aende na daftari la uzito mkononi.

Wasalaam,
Mjomba