Jogoo wa mkokoteni na kibanda cha sukuma wiki

Kazi ya kuandika programu za watu imenibana wiki hizi, na leo nimeiweka kando ili nijibu swali ambalo wenzangu wa ofisini wamechoka kuniuliza: kwa nini napiga picha za vitu visivyo na maana?

Vitu visivyo na maana, kwao, ni kama mkokoteni wa maji uliokwama kwenye tope. Bango la kinyozi lenye kichwa kilichochorwa kwa rangi, kisichofanana na kichwa cha binadamu yeyote ninayemjua. Paka aliyelala juu ya kibanda cha M-Pesa. Sukuma wiki ikikatwa kwa kasi ya kutisha. Kutoka lango la ploti yetu hadi steji ni mwendo wa dakika kumi hivi, na katika dakika hizo hupiga picha mbili au tatu karibu kila asubuhi tangu 2019, kwa simu ya kawaida tu, ileile ninayopokelea lawama za wateja. Ijumaa jioni huchagua tano au sita nikazituma kwenye kundi la WhatsApp la mtaa. Ni Nairobi, upande wa mashariki. Jina la mtaa silitaji, na sababu utaiona huko mbele.

Anayezisubiri kuliko wote ni jirani yetu mmoja aliyekwenda kufanya kazi Doha. Nikituma machweo mazuri, anajibu kwa kidole gumba na basi. Nikituma kona ya poshomili, anaandika ujumbe mrefu: lile gari bovu bado lipo? Nani amepaka ule ukuta rangi ya kijani? Anaikuza picha kwa vidole mpaka inabaki miraba mitupu, akitafuta kitu ambacho mimi mwenyewe sikukiona nilipokuwa nimesimama pale.

Nyumbani kwa mama kuna albamu tatu. Mimi ni mtoto wa mwishoni mwa miaka ya 1990, wakati filamu moja ilikuwa na picha 36 na kila picha ilikuwa na gharama yake ya kusafisha na kuchapa. Nani angepoteza moja kati ya 36 kwa ajili ya kibanda? Kwa hiyo albamu zetu zina Krismasi, ubatizo, harusi za mashangazi, na ile kazi ya mpiga picha wa Uhuru Park aliyekusimamisha mbele ya maua kama askari wa gwaride. Barabara tuliyopita kila siku ya Mungu haimo hata mara moja. Nimezipekua zote tatu. Duka nililotumwa chumvi mara elfu moja halimo.

Picha ya simu inayotajwa sana kuwa ya kwanza kusambazwa nayo ilianza hivyohivyo. Tarehe 11 Juni 1997, Mmarekani Philippe Kahn aliunganisha kamera ya dijitali, simu na kompyuta ndogo akiwa hospitalini Santa Cruz, California, akawatumia jamaa na marafiki picha ya binti yake aliyekuwa amezaliwa muda si mrefu. Tukio kubwa, la kuwekwa kwenye albamu ya mama. Mkokoteni ulilazimika kusubiri bei ya kupiga picha ishuke hadi sufuri.

Hapa niingie kwenye ufundi kidogo. Wasiopenda wanaweza kuruka aya tatu, lakini nawasihi wasiruke.

Simu inapohifadhi picha ya JPEG, haihifadhi rangi peke yake. Ndani ya faili hilohilo huweka kama karatasi ndogo ya maelezo, kwa utaratibu unaoitwa Exif, uliotungwa Japani katika miaka ya 1990. Humo huandikwa aina ya simu, mwanga ulioingia, tarehe na saa, na kama umeruhusu, mahali kwa vipimo vya GPS. Tarehe huandikwa kwa nukta pacha, hivi: 2022:07:19 07:14:52. Saa hiyo ni ya simu yenyewe, na nafasi ya kueleza imetofautiana kiasi gani na saa ya kimataifa iliongezwa 2016 tu. Saa ya GPS kwa upande wake ni ya kimataifa. Kwa hiyo picha moja iliyopigwa hapa Nairobi yaweza kusema 07:14 mstari mmoja na 04:14 mstari mwingine, na zote mbili ni kweli. Usijaribu kuongeza na saa ya Kiswahili juu yake, utapotea kabisa.

Mahali napo pana vituko. Vipimo huandikwa kwa digrii, dakika na sekunde, kisha herufi ya kuonyesha uko upande gani wa ikweta. Nairobi ni takriban digrii 1 na dakika 17 kusini. Mwanaprogramu akiisahau ile herufi S, Nairobi nzima inahama zaidi ya kilomita 280 kwenda kaskazini, inatua Samburu, si mbali na Maralal. Nimeona ramani za namna hiyo, matatu za kwetu zimeegeshwa kati ya ngamia.

Na jambo la mwisho la ufundi: ukituma picha kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, inapunguzwa ukubwa na ile karatasi ya maelezo inaondolewa. Ukiituma kama dokumenti, inakwenda kama ilivyo. Watu wengi hawajui tofauti hii na wala haiwasumbui, mpaka siku inapowasumbua.

Sasa kibanda.

Mwaka jana barabara ya mtaani kwetu ilipanuliwa na vibanda vyote vya upande wa mtaro vikaondolewa. Wenye vibanda waliambiwa watapewa nafasi katika soko linalojengwa, ila kwanza kamati iandike orodha ya waliokuwa wakifanya biashara pale kabla ya 2023. Unaijua hadithi hii. Vibanda vilikuwa thelathini na kitu, na walioandikisha majina wakazidi mia. Kila aliyewahi kununua nyanya pale sasa alikuwa ameziuza. Kamati ikataka ushahidi. Risiti za ada ya kila siku? Nani huweka kijikaratasi cha shilingi chache kwa miaka mitatu, katika kibanda kinachovuja?

Jumapili moja mama mboga wetu alibisha hodi. "Kijana wangu, si wewe ndiye wa picha? Nitafutie kibanda changu." Mkononi alikuwa na simu yake, na ndani yake picha moja niliyowahi kuituma kwenye kundi, ambayo binti yake aliipata kwa mtu aliyeipata kwa mtu. Kibanda kilionekana vizuri. Lakini tarehe ya faili ilikuwa ya wiki hiyohiyo, siku aliyotumiwa. Kamati ilimwambia kwamba kibanda chochote kinaweza kufanana na chake, na picha yoyote inaweza kuwa ya juzi.

Picha zangu za awali huwa sifuti. Ziko kwenye diski mbili, moja nyumbani na nyingine kwa dada yangu. Nikaandika skripti fupi ya Python, mistari arobaini hivi, ya kuchuja kila picha iliyopigwa ndani ya mita 30 kutoka kwenye mjakaranda uliokuwa kando ya kibanda. Zikatoka 212. Tulikaa mezani mimi na yeye, chai ikapoa, tukizipitia moja moja. Alikuwa akisimamisha kila mara, si kwa sababu ya kibanda. "Huyu alihama." "Huyu tulimzika." "Tazama bei ya vitunguu ile!"

Ya zamani kuliko zote iliyomwonyesha vizuri ilikuwa ya tarehe 19 Julai 2022, Jumanne. Nakumbuka kwa nini niliipiga: jogoo alikuwa amepanda juu ya mkokoteni wa mitungi ya maji, amesimama kama mheshimiwa anayehutubia. Jogoo ndiye niliyemlenga. Mama alikuwa nyuma, hafifu kidogo, ameinama anapanga vitunguu.

Niliipeleka mwenyewe kwa kamati, kwenye kompyuta, ili waone tarehe kwa macho yao. Kijana mmoja wa kamati, mwerevu, akasema tarehe ya simu inaweza kubadilishwa. Alisema kweli. Exif haina muhuri. Naweza kuiandika upya kwa amri moja, hata niseme jogoo yule alihutubia mwaka 1963, na nikawaambia hivyo. Niliona mama akiniangalia kwa jicho la kuuliza nimekuja upande wa nani.

Mzee mmoja aliyekuwa kimya muda wote ndiye aliyeomba picha ikuzwe. Si kwenye kibanda, bali kwenye nguzo ya stima kando yake. Nguzo ilikuwa imevaa mabango ya wagombea wa uchaguzi wa tarehe 9 Agosti 2022, moja juu ya jingine, karatasi bado ng'avu, gundi haijakauka sawasawa. Juu kabisa alikuwa mgombea mmoja aliyeshindwa vibaya, na chumba kizima kikacheka. Hakuna mtu duniani anayebandika mabango mapya ya mgombea aliyekwisha kushindwa. Jina la mama likaandikwa.

Sasa msije mkadhani nahubiri kwamba kila mtu apigwe picha. Wiki hiyohiyo nilisimama mbele ya mchoma mahindi wa njia panda, moshi umekaa vizuri na jua liko nyuma yake, nikatoa simu. "Boss, weka hiyo kitu." Nikamwambia naondoa mahali, naondoa saa, hakuna atakayejua. Akageuza mhindi. "Wewe una picha, mimi nina jiko. Wakijua nakaa wapi na saa ngapi, jiko linapanda lori."

Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na si ya mapambo. Septemba 2023 Kamishna wa Data alitoza mgahawa mmoja wa Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kutumia picha ya mteja bila ridhaa, na shule moja shilingi 4,550,000 kwa picha za watoto bila ruhusa ya wazazi. Lakini mchoma mahindi hakuwa anasubiri kifungu cha sheria. Alikuwa anajua hesabu ya maisha yake kuliko mimi.

Nilirudi nyumbani nikifikiria lile jibu langu la kifundi, kwamba nikifuta Exif kila kitu kimeisha. Ile nguzo ya mabango haikuwa kwenye Exif. Ilikuwa kwenye picha yenyewe. Kilichomwandikisha mama mboga, yaani kitu kilichosimama nyuma bila kualikwa, ndicho kingeweza kumpoteza mchoma mahindi: kibao cha kanisa, namba ya lango, rangi ya jengo ambalo kila dereva wa matatu analijua. Programu yangu haiwezi kufuta hayo, na sidhani napaswa kuiamini programu yoyote inayodai inaweza.

Tulielewana baadaye. Napiga jiko, makaa, mahindi, na mikono yake akisugua ndimu na pilipili, kamera ikiangalia chini. Kila picha anaitazama kwanza kabla sijaondoka, na mbili amezikataa. Moja aliikataa kwa sababu ya kivuli cha jengo, ambacho mimi nisingekiona kamwe.

Kwa hiyo siku hizi nina nakala mbili za kila picha. Ile ya awali hukaa kwenye diski na maelezo yake yote, haiendi popote mpaka aliyemo aihitaji. Ile ya kutuma kwenye kundi haina mahali, na chini yake naandika kwa mkono mwezi na mwaka, maneno machache ya nilichokiona. Jirani wa Doha analalamika kwamba sasa inambidi abahatishe kona. Huwa anapatia.

Habari za mama mboga zilienea, na watu wanane zaidi wamekuja kubisha hodi. Nimewapata wanne. Muuza mitumba yumo mara nyingi kuliko alivyotaka. Wa chipsi yumo kwa sababu moshi wake ulikuwa ukiingia katika kila picha.

Fundi wa viatu hayumo. Amekaa chini ya nguzo ileile tangu kabla sijahamia mtaani, lakini upande wake huwa na tope na mimi hupita upande wa pili, kama watu wote. Kuna picha moja tu ya Novemba 2021, maua ya jakaranda yametanda chini kama zulia, na pembeni kabisa, karibu kukatwa, kuna mguu wa kigoda na kiatu kimoja cha shule kisicho na kamba. Anasema kigoda ni chake. Ameniletea nikione, nikakilinganisha na picha: mguu mmoja umefungwa kwa mpira mweusi wa tyubu, mahali palepale. Nimeichapa kwenye karatasi kubwa, na Jumatatu ataibeba kwenda kwa kamati, pamoja na kigoda.