Lupango za Goma: kwanza karatasi, kisha mawe

Mgeni anayefika Goma huangalia ziwa Kivu, kisha huinua macho kwenye Nyiragongo. Leo tunawaomba muangalie lupango.

Tuanze Birere, karibu na mpaka wa Rwanda. Hapa nyumba za mbao zimebanana, na lupango ni mbao na bati kuukuu lililopigiliwa misumari. Tukipanda Majengo na Virunga, tunakuta mawe ya volkano, yale meusi, yamepangwa moja juu ya lingine bila simenti. Ni mawe yaleyale ambayo wamama wanaponda kuwa garavie ili watoto wapate chakula. Tukishuka Himbi, kando ya ziwa, kuta zinapita urefu wa mtu, zina mageti ya chuma na waya wa miiba.

Lakini ukuta mrefu si karatasi. Sheria ya 20 Julai 1973 inasema udongo ni mali ya Leta. Sisi tunapewa haki ya kuutumia, na ushahidi wa haki hiyo ni sertifika iliyoandikishwa, siyo mawe. Mama anaweza kujenga lupango miaka kumi, kisha mtu akafika na sertifika mkononi.

Volkano nayo imetufundisha. Tarehe 17 Januari 2002 lava ilikata mji katikati mpaka ziwani. Tarehe 22 Mei 2021 ilirudi, ikafunika nyumba upande wa Buhene. Pale ilipopita, lupango ilizikwa, mti wa mpaka ukaungua, na borni haikuonekana tena. Ushuhuda uliobaki ni karatasi na kinywa cha majirani.

Kwa hiyo, kabla ya kumwita masoni, tufuate njia hii. Kwanza, watu wa kadasta wapime parseli na kuweka borni mbele ya majirani wa pande zote, chefu wa avenyu akijua. Pili, tuombe ruhusa ya kujenga kwenye ofisi ya Urbanisme, tukiwa na karatasi za parseli na mchoro. Tatu, kila franga tunayolipa iwe na risiti. Anayetaka pesa mkononi, usiku, bila kuandika, hajatupa ruhusa yoyote.

Kisha tuheshimu avenyu. Kuna mahali jirani mmoja anasogeza ukuta hatua moja, wa pili naye anasogeza, mwishoni chukudu mbili hazipitani. Tukumbuke 27 Mei 2021, wakuu walipoamuru watu wa kartie 10 kati ya 18 za Goma waondoke. Siku kama ile, mama mwenye mtoto mgongoni na mzee mkononi anahitaji njia pana. Ukuta uliokula barabara unaweza kubomolewa, na simenti hairudishwi. Tuachie pia maji ya mvua njia yake, yasiingie kwa jirani.

La mwisho ni jina. Tangu Sheria ya Familia ibadilishwe mwaka 2016, mke aliyeolewa haombi tena ruhusa ya mume ili asaini mkataba. Kama tumetoa jasho kununua parseli, jina letu liandikwe pamoja na la baba watoto. Tuliongee nyumbani kwa upole, mapema, wakati wote wawili tuko na afya. Siku ya matanga, ndugu wa marehemu wanaposimama mlangoni, geti la chuma halitamlinda mjane. Jina lake kwenye sertifika ndilo litasema.

Vikundi vyetu vya likelemba vinaweza kusaidia: mama anayepokea fungu atoe kwanza ya kupima na ya ruhusa, kisha anunue simenti. Na kopi za karatasi ziwekwe mahali pawili, moja nje ya nyumba, kwa mtu wa kuaminika.

Tujenge vizuri.