Gari Lililokosa Pumzi

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hii nimeiandika daftarini mara nyingi, nikapewa alama zangu na kwenda zangu. Sikujua kwamba siku moja ingenikaba koo mimi mwenyewe, ndani ya gari, usiku wa giza totoro.

Ilikuwa likizo ya Agosti mwaka wa 2023. Nyumbani kwetu ni upande wa Limuru, zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Mpenzi msomaji, kama hujawahi kulala Limuru mwezi wa Agosti, basi baridi bado hujaijua. Ukungu huko hushuka ukafunika mti, ng'ombe na jirani.

Baba ana gari dogo aina ya Toyota. Alfajiri hulipakia kabeji na viazi kupeleka Nairobi, na karo yangu hutoka humo. Kazi yangu ilikuwa moja tu: kila Jumamosi kulifagia ndani. Lakini mimi nilikuwa na mambo yangu. Nikipewa ufunguo, nilikuwa nikikaa kiti cha mbele, nikafungua redio kusikiliza mpira, huku nikitafuna mahindi ya kuchoma na njugu. Makapi niliyasukuma chini ya zulia. Baba akiuliza, "Umefagia?" nilijibu bila kupepesa jicho, "Ndiyo, Baba." Na gari lenyewe lililala kando ya ghala la mahindi.

Usiku mmoja Nyanya alishikwa na kifua, akawa anahema kama aliyepanda mlima. Mama akamfunika blanketi, wakaingia nyuma. Mimi nikakaa mbele na Baba, tukang'oa nanga kuelekea hospitalini. Mvua ilikuwa ikinyesha. Hatukwenda mbali kabla kioo cha mbele hakijageuka cheupe kwa ndani kama kilichopakwa maziwa. Baba akawasha feni ya gari hadi mwisho. Feni ikanguruma, lakini upepo uliofika kwenye kioo ulikuwa kama pumzi ya kuku mgonjwa. Baba akawa anapangusa kwa mkono wa koti, anapangusa na kuendesha.

Ghafla Mama akapiga yowe. Mbele yetu palikuwa na lori limesimama barabarani bila taa hata moja! Baba alikata usukani, gari likaruka hadi ukingoni mwa mtaro, likasimama. Kati yetu na lile lori palikuwa na nafasi ya kupita mtu mmoja mwembamba. Hakuna aliyesema neno. Nilisikia tu Nyanya akihema.

Tulimaliza safari na madirisha wazi ili kioo kisizibe, baridi ikimpiga mgonjwa usoni. Nyanya alilazwa siku nne.

Baba alipeleka gari kwa fundi mmoja mjini. Fundi alisikiliza mngurumo, akatikisa kichwa, akasema mota ya feni imekufa na mtambo wa kupoza hewa umekwisha, vyote vinunuliwe. Shilingi 38,000! Jioni Baba aliniita akaniambia kwa sauti ya chini, "Itabidi uchelewe kurudi shule." Nilihisi dunia ikinizunguka.

Jumamosi akaja Mjomba, ambaye ni fundi wa jua kali. Alipoelezwa alicheka. "Shemeji, kabla ya kuuza mbuzi, hebu tumuulize mgonjwa anaumwa wapi." Akanigeukia. "Wewe si unasoma Fizikia? Njoo."

Aliwasha gari, akaniambia nichane ukanda wa karatasi nyembamba niushike mbele ya tundu la hewa. Akapandisha feni namba moja, mbili, tatu, nne. Kila namba mngurumo uliongezeka, lakini karatasi ilitikisika kidogo tu.

"Umesikia? Mota inazunguka," akasema. "Ingekuwa haizunguki kabisa, ningeanza na fyuzi. Ingezunguka namba nne peke yake, ningeshuku rezista, kile kidude kinachopunguza nguvu ya umeme."

Akageuza hewa iende miguuni, kisha usoni, kisha kwenye kioo. Kote ilifika, kote ikiwa dhaifu. "Basi vile vilango vya ndani vinafunguka." Akazima kipoza hewa, tukangoja. Hakuna mabadiliko. "Si barafu. Barafu ikishika kwenye vibomba vya kupozea, hewa huanza na nguvu halafu hufifia, na ukizima inayeyuka." Mwisho akabonyeza swichi inayozuia hewa ya nje ili ile ya ndani izunguke. Bado hafifu. "Kama mlango wa hewa ya nje tu ungekuwa umeziba, sasa ingevuma. Kilichoziba kiko mbele zaidi, pale hewa zote mbili zinapopitia. Feni inataka kuvuta, haina cha kuvuta."

Nilistaajabu. Mtu huyu aliachia shule darasa la nane, lakini alikuwa akiondoa jibu moja moja kama mwalimu wa Hesabu ubaoni.

Akashusha kile kisanduku cha dashibodi mbele ya kiti cha abiria. Nyuma yake palikuwa na kifuniko chembamba, na ndani yake chujio la hewa. Alilivuta, likakwama. Akachungulia kwa tochi, akarudi nyuma. "Lete kitambaa cha kufunga pua, na maji yenye dawa ya kuua viini. Hii haipulizwi ikiwa kavu, vumbi la panya lina magonjwa."

Chujio lilipotoka, juu yake palikuwa na kiota kikubwa cha panya! Maganda ya njugu. Vipande vya sponji ya kiti. Maganda ya mahindi. Na karatasi zilizotafunwa, zenye mistari ya samawati na mwandiko ambao kila mtu nyumbani aliujua. Lilikuwa daftari langu la Kiswahili, lile nililomwambia mwalimu kwamba limeibwa.

Mjomba aliokota kipande, akasoma, akamtazama Baba. "Shemeji, panya wako anasoma kidato cha tatu?"

Mama aliangua kicheko. Baba hakucheka. Mimi nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Ningeweza kusema sijui. Lakini nilikumbuka lile lori na Nyanya akihema. Nikasema yote: makapi, redio, na ile "Ndiyo, Baba" ya kila Jumamosi. Baba alinyamaza kwa muda mrefu. Nilingoja kofi, halikuja. Akasema, "Mimi nilikuwa nalaumu gari. Nenda ukamwambie nyanya yako."

Kofi lingekuwa rahisi zaidi. Nilimkuta Nyanya akiota moto jikoni. Nilipomaliza kueleza aliniangalia, akasema, "Mjukuu wangu, panya hakosei. Yeye hufuata chakula. Kesho nifagilie na jikoni."

Chujio jipya lilinunuliwa kwa shilingi 900. Mjomba akasafisha njia ya hewa, akaweka wavu kwenye tundu la kuingilia chini ya kioo, na feni ikavuma hadi karatasi ikanitoka mkononi. Kisha alinieleza kwamba kioo huziba kwa sababu mvuke wa pumzi zetu hukutana na kioo baridi ukageuka maji, kama kifuniko cha sufuria. Kwa hiyo dereva afungulie hewa ya nje, aielekeze kwenye kioo, awashe joto pamoja na kipoza hewa. Ndiyo, vyote viwili! Kipoza hewa hukausha ile hewa. Maji yake ndiyo yale yanayodondoka chini ya magari.

Nilirudi shule siku ya kufungua, karo mkononi. Kitu cha kwanza nilichofanya ni kwenda kwa mwalimu wa Kiswahili kumweleza daftari langu lilikokwenda. Alinipa adhabu ya kuyanakili upya maandishi yote, na nikayanakili.

Wanachama wenzangu, nyumbani kwenu kukiwa na gari, liulizeni linaumwa wapi kabla ya kulinunulia mota. Na aliyetumwa kufagia, afagie.