Forodha, Paka wa Meli

Kajaga si mahali pa kuzika. Ukipiga jembe mara tatu au nne, maji yanachungulia. Sisi tuliohamia huku, nje ya Bujumbura, kati ya barabara ya Gatumba na Ziwa Tanganyika, tulifuata upepo, mchanga, na bei ya kiwanja ambayo zamani hata mpishi wa meli aliweza kuimudu. Mto Rusizi unaingia ziwani hapo jirani, na viboko wake hawatambui hati za viwanja: usiku wanapanda kula majani hadi kwenye kuta za watu. Aprili 2020 Rusizi ilivunja kingo ikaizamisha Gatumba. Mwaka uliofuata likapanda ziwa lenyewe. Mwaka 2024, baada ya mvua ndefu za El Niño, vikaja vyote viwili, watu wakawa wanapita kwa mitumbwi mahali walipozoea kupita kwa baiskeli.

Ni Aprili ya mwaka huo wa 2024 alipokufa Forodha.

Forodha alikuwa paka. Nalisema mapema ili asiyetaka habari za msiba wa paka aishie hapa. Jirani yangu mmoja alikuwa amepoteza nyumba nzima. Mwingine alikuwa amewapeleka watoto kwa wakwe zake mjini, yeye akabaki kulinda mabati. Katika hali hiyo mtu mzima, Mwislamu, mwenye wajukuu, atatokaje nje aseme amefiwa na paka? Paka hana swala ya jeneza, hana matanga, hana hitima. Hakuna anayekuja kukaa nawe jamvini. Nikanyamaza, nikaendelea kujaza mchanga kwenye magunia pamoja na wenzangu ili kuzuia maji, na jioni nikajikuta bado namtengea vichwa vya samaki kwenye kisahani.

Mimi ni mtu wa Buyenzi, mtaa wa Waswahili wa Bujumbura, ambako ukirusha jiwe utampata fundi gari, na likimkosa litampata mpishi. Nilianza kwa kuosha masufuria katika mkahawa wa mjomba wangu, nikapandishwa kwenye chapati, kisha kwenye pilau. Mwaka 1988 meli moja ya mizigo ilibaki bila mpishi, nikachukuliwa kwa safari moja ya majaribio. Nilishuka mwaka 2015.

Kazi yetu ilikuwa kushuka kusini. Mara nyingine tuliishia Kigoma, kupokea mizigo iliyoletwa na reli kutoka Dar es Salaam. Mara nyingine tulikwenda mpaka Mpulungu, Zambia, kufuata saruji na sukari. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita 673, na anayetoka Bujumbura kwenda Mpulungu analipita karibu lote, siku mbili tatu kwa mwendo wa mashine zetu. Chini yako pana kina kinachofika mita 1,470. Mabaharia hawalizungumzi hilo. Mpishi ndiye kabisa, maana akili yake iko kwenye sufuria.

Sufuria zangu nilizifunga kwa waya kwenye jiko. Kuanzia Mei hadi Agosti upepo wa kusini unalichafua ziwa, na meli yenye saruji inaruka kwa uzito, inapanda polepole kisha inajitupa. Maharage niliyachemsha bandarini kabla ya kung'oa nanga, kwa sababu sufuria ya maharage ikimwagika usiku wa mawimbi hutaweza kusimama jikoni mpaka asubuhi. Ugali ndio chakula cha dhoruba: haumwagiki. Mawese nilinunua ya Rumonge, na mpaka leo sijaona yanayoyashinda. Ndagala nilizikaanga mpaka zikalia mdomoni. Nahodha wetu, mtu wa Ujiji, alikuwa akisema meli ikichelewa anaweza kueleza sababu kwa wenye mali, lakini chakula kikichelewa hana la kuwaambia mabaharia.

Katikati ya miaka hiyo kulikuwa na shimo. Vita vilikuwa vimeanza mwaka 1993. Baada ya mapinduzi ya Julai 1996 nchi jirani zilituwekea vikwazo, vikakaa mpaka Januari 1999. Nikarudi kwenye chapati za mjomba. Nilipopanda tena meli, nusu ya sura nilizozijua hazikuwepo, na hatukuulizana.

Forodha alipanda Mpulungu, miaka kumi hivi baada ya hapo, katikati ya magunia ya sukari. Hakuna aliyemleta. Tulikuwa tumeshaondoka gatini, tunakipita kisiwa cha Mutondwe, ndipo kilio chembamba kikasikika chini kwenye shehena. Baharia mmoja akamtoa, kipaka cha kijivu chenye michirizi, kikia kama uzi, akasema tumrushe kisiwani kungali karibu. Nahodha akamuuliza kama hajapata kusikia habari ya yule mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka. Baharia akamweka chini. Mimi nilikuwa na sababu nyingine: panya. Meli ya nafaka na sukari ni mji wa panya, na sumu haitumiki karibu na chakula cha watu. Nikampa tumbo la samaki wa mukeke na kona nyuma ya jiko.

Jina alilipata bandarini Bujumbura. Wakati wa kupakua alikaa mlangoni mwa ghala la meli na kunusa kila gunia lililopita mbele yake, hakuruka hata moja. Wapakuzi wakaanza kusimama kwa mzaha: "Subiri, bado forodha." Basi akawa Forodha.

Lazima niseme ukweli kuhusu visiwa, kwa sababu watu wananiuliza kama vile nilikuwa mtalii. Kabla ya paka huyu, uzuri wa ziwa niliuona kwa vipande, kupitia dirisha la jiko lisilozidi upana wa sinia. Milima ya Mahale ilipita dirishani kwa saa nyingi, sehemu sehemu: kwanza msitu mweusi unaoshuka hadi majini, ambamo sokwe wanaishi, kisha wingu, na kama bahati ipo kilele cha Nkungwe, mita 2,462, kikitokeza juu ya wingu kikiwa peke yake. Mimi wakati huo nakoroga.

Paka ndiye aliyenitoa nje. Baada ya chakula cha jioni alitaka kukaa sitahani, na alitaka mtu wa kukaa naye. Ukimwacha alirudi mlangoni akalia. Ndivyo nilivyoanza kuketi juu ya kamba nikiwa na kikombe cha chai, mwanamume aliyepita mahali pale miaka ishirini bila kupaangalia sawasawa. Usiku usio na mwezi wavuvi wanatoka na taa kuwavuta ndagala, zamani karabai, baadaye taa za sola, na taa hizo zinajipanga ziwani kuanzia Nyanza-Lac hadi Gombe mpaka hujui ufukwe umeishia wapi. Forodha alizifuata kwa macho, moja baada ya nyingine. Nadhani alisikia harufu ya samaki.

Lakini mahali petu hasa palikuwa Kipili. Upande ule wa Tanzania, kabla hujafika Kasanga, kuna kundi la visiwa: Kerenge, Mvuna, Ulwile na vingine vidogo. Upepo wa kusini ukizidi, nahodha aliingia nyuma ya visiwa hivyo na kutia nanga mpaka utulie. Nje mawimbi yanavunjika meupe; ndani maji ni ya kijani, yametulia, na unaona mawe chini kabisa. Mawe yenyewe ni makubwa ya mviringo, yamepandana ufukweni, na miti imeota katikati yake kwa ukaidi. Juu ya kilima, bara, kuna magofu ya kanisa la misheni ya zamani ya Wamisionari wa Afrika, kuta tupu zinazopigwa na jua la jioni zikawa rangi ya tofali jipya. Mitumbwi ilikuja na migebuka, ndio mukeke wetu kwa jina la Kitanzania, na maembe, na kuku waliofungwa miguu. Kwenye kisiwa cha Lupita walijenga hoteli ya kitajiri. Usiku tuliziona taa zake, na sisi na saruji yetu tulikuwa na mandhari ileile bila kulipa. Forodha alikaa ukingoni, mkia umezungushwa miguuni, anavitazama visiwa. Samaki angeweza kupita nyuma yake asigeuke. Mimi ni shahidi.

Safari zangu za mwisho zilikuwa mwaka 2015. Mwezi wa Mei tulipita Kagunga, kijiji cha Tanzania karibu na mpaka wetu, kilichobanwa kati ya mlima na maji. Ufukwe wote ulikuwa watu. Warundi wenzetu waliokimbia nchi, maelfu kwa maelfu, wamekaa juu ya mchanga wakingoja Liemba iwapeleke Kigoma. Liemba, ile meli iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913, iliyozamishwa katika Vita vya Kwanza na kuopolewa tena, ikawa inawabeba kwa zamu, na kipindupindu kilikuwa kimeshaingia. Sisi tulikuwa na mzigo, hatukusimama. Jioni hiyo hakuna aliyemaliza sahani yake. Mwisho wa mwaka niliomba kushuka.

Nahodha akanikabidhi mshahara, barua na paka. Alisema kwenye meli ile hana mwingine wa kumwachia.

Kajaga ilimchukua muda. Nchi kavu haitikisiki, na nadhani hilo lilimnyima usingizi. Saa kumi alfajiri, wakati wa kubadilishana zamu melini, alikuja kuniamsha, nami niliamka, nikachemsha chai, tukakaa ukutani kuwatazama viboko wakirudi majini. Wageni wakija walitaka kusikia habari za Gustave, yule mamba mkubwa wa Rusizi aliyetengenezewa filamu. Niliwaambia Gustave simjui. Ninayemjua ni huyu hapa, aliyemfukuza kenge kwenye banda langu la kuku.

Mke wangu hakuwahi kupanda meli. Watoto walinijua kama baba anayerudi na samaki na nguo zenye harufu ya dizeli. Wenzangu wa sitahani wametawanyika, wengine wamezikwa. Katika nyumba ile Forodha peke yake ndiye aliyeniona nikifanya kazi niliyoifanya maisha yangu yote: nikipika ugali wa watu kumi na wawili huku nimejifunga kiunoni kwa kamba. Hilo sikulifikiria alipokuwa hai. Nililifikiria nikiwa nimeshika jembe, nimesimama kwenye maji hadi kwenye vifundo vya miguu, natafuta pa kumlaza.

Alikufa kwa uzee. Daktari wa mifugo alikuwa ameshasema figo zimechoka. Kumtupa ziwani sikutaka. Najua kinachokaa humo. Nilimfunga katika kanga kuukuu ya mke wangu, kisha katika gunia safi la sukari, nikampeleka Isare, vilimani, ambako shemeji yangu ana shamba la migomba. Mafuta ya gari yalikuwa haba nchini kote, foleni za vituoni zilikuwa za kulala, kwa hiyo nilingoja mpaka alasiri ndipo pikapu moja ya mbao ikanichukua. Dereva aliuliza kuna nini kwenye gunia. Nikasema mbegu. Kule juu udongo ni mwekundu, mkavu, unachimbika. Shemeji hakucheka. Alichimba yeye mwenyewe, kwa sababu ya mgongo wangu.

Pole niliipata kwa mtu mmoja tu, mama anayeuza ndagala barabarani. Aliniona nanunua fungu dogo. Akaniuliza, nikamwambia. Akasema, "Pole, mzee wangu. Na vichwa nilivyokuwa nakuwekea?" Akavifunga, akanipa hivyohivyo.

Mwaka huo huo nilikwenda Mombasa kumwona binti yangu aliyeolewa huko, naye akanisukuma nipande basi mpaka Mokowe na boti mpaka Lamu, kwa kuwa baba ni mtu wa visiwa. Lamu ni mji wa punda na paka. Paka wako kila mahali: juu ya vibaraza, chini ya meza za samaki, kwenye ngazi za gati wakingoja mashua. Ni warefu wa shingo na wembamba, wanatembea kwa madaha. Niliwachunguza siku nzima nikiwatafutia kasoro. Huyu ana makelele. Yule ana uroho. Mwingine alinijia akajisugua mguuni, nikamwona hana adabu ya kusubiri. Bahari yao ni nzuri, lakini ina chumvi, huwezi kuipikia.

Nahodha hupiga simu kutoka Ujiji. Mwaka ule Tanzania ilifunga uvuvi upande wake wa ziwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane, akapiga kulalamika kwamba anakula maharage kama mfungwa. Kisha akauliza, "Na Forodha?" Nikamwambia. Akanyamaza, akavuta pumzi, akasema anamkumbuka pale Kipili, amekaa upande wa Kongo, amevipa visiwa mgongo.

Nikamwambia si kweli, alikuwa akivitazama visiwa, nilikuwa nimekaa naye. Akasema yeye ndiye aliyekuwa juu kwenye usukani, anaona meli nzima. Nikamwambia kutoka juu huwezi kujua paka anatazama wapi. Simu ikakatika kwa salio, akapiga tena, tukaendelea. Mpaka leo hajakubali. Yuko baharia mmoja wa enzi zile Rumonge, yule aliyetaka kumrusha kisiwani. Nimepata namba yake, na Ijumaa baada ya swala nitampigia atuamue.