Kinanda Kimoja Mezani

Mdogo wangu alinijia Jumanne na ombi: nimkopeshe fedha anunue kinanda cha umeme kilichokwisha tumika. Nilimjibu kwa ukali kwamba muziki hufanywa na bendi, tena ndani ya studio, na kwamba fedha zile ni ada ya shule ya mwanangu. Mama aliyasikia yote, akanyamaza. Usiku ule sikupata usingizi, maana nilijua kwamba nimesema uongo.

Ninayo santuri moja ndogo iliyotolewa Uingereza mwaka 1978 kwa jina la The Normal. Mtu angedhani ni kundi, kumbe ni mtu mmoja, Daniel Miller, aliyekuwa akifanya kazi ya kuhariri filamu. Alinunua kinanda cha Korg 700S kilichotumika, pamoja na mashine ya TEAC ya kurekodia yenye njia nne katika utepe mmoja. Kinanda kile hakitoi sauti mbili kwa pamoja. Bonyeza kwa vidole viwili, utasikia mlio mmoja tu. Basi ilimbidi kupiga sauti moja, kuurudisha utepe nyuma, kisha kupiga nyingine juu yake, papo hapo nyumbani. Gitaa halimo. Wimbo wake wa "Warm Leatherette" ni mkavu kama cherehani isiyotiwa mafuta, nao wahusu ajali ya gari, kwa kuwa ulitokana na riwaya ya J. G. Ballard ya mwaka 1973. Si wimbo wa arusini! Hata hivyo Grace Jones aliuimba upya mwaka 1980.

Miller alikusudia kutoa nakala 500. Alipoipeleka santuri katika duka la Rough Trade, London, wenyeji waliipiga, wakakubali kuisambaza, na hesabu ikapanda hadi 2,000. Nyuma ya jalada aliandika anwani ya nyumba ya mama yake, pamoja na jina la kampuni aliyojibunia, Mute Records. Vijana wasiojulikana wakaanza kupeleka kanda zao kwenye anwani hiyo. Kampuni hiyo ndiyo iliyotoa santuri ya kwanza ya Depeche Mode, mwaka 1981.

Nilipomsimulia Mama, aliuliza neno moja tu: "Kumbe naye alikuwa kwa mamaye?"

Jana nilipita Kariakoo kuulizia bei. Ni kubwa kuliko nilivyodhani. Nusu nimeitia katika bahasha. Nusu ya pili ataitafuta mwenyewe. Mdogo wangu bado hanisemeshi, lakini Mama amekwisha iondoa meza ya kupigia pasi katika chumba cha uani.